Saini ya Mkuu wa Kaya

Fomu yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja. Jina la mwanafunzi wa ualimu, namba ya pasipoti, shule atakayofundishia, nyumba atakayokaa, na chini kabisa mstari mmoja: saini ya mkuu wa kaya. Mratibu wa mafunzo alinipigia simu siku niliyofika akaniambia mambo mawili. La kwanza, karibu Mtwara. La pili, fomu hiyo iwe mezani kwa mwalimu mkuu Jumatatu shule itakapofunguliwa, kabla ya kengele. Bila fomu siingii darasani, na nisipoingia darasani Jumatatu ni mpaka mwaka ujao. Nikamwambia aondoe shaka. Nilikuwa na siku saba, na nilichohitaji ni mtu mmoja na kalamu moja.

Mimi natoka Kenya, upande wa Kitale. Kwetu haraka si dhambi, ni adabu. Mtu akikuuliza kama uko tayari, unamjibu ukiwa mlangoni. Mama yangu alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe anafundisha nchi ya nje. Alitumia neno "anafundisha", si "atafundisha", na kanisa zima likapiga makofi. Kurudi nyumbani kwa sababu ya saini kungekuwa kumvua nguo mbele ya kwaya.

Familia niliyopangiwa ilikaa pembeni mwa Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini, nyumba ya tofali yenye mikorosho mitano uani. Baba alifanya kazi ya kubebesha miche, yaani kukata kikonyo cha mkorosho mzuri na kukiunga kwenye mche mchanga mpaka vishikane. Alirudi jioni na utomvu vidoleni, na alikuwa na maneno kama kumi kwa siku ambayo mengi aliyamaliza kazini. Mama alikaanga vitumbua alfajiri, na yeye ndiye aliyekuwa na maneno yote yaliyobaki. Bibi, aliyemzaa mama, alizaliwa ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, akavuka akiwa msichana. Aliongea Kiswahili pale tu alipotaka nielewe. Watoto wa nyumba walishakua wakaenda Dar es Salaam, nikapewa chumba chao chenye kalenda ya mwaka mwingine ukutani.

Kosa langu nililifanya ndani ya nusu saa ya kwanza. Nilikuwa nimebeba pakiti sita za majani ya chai kutoka Kenya. Kwetu zawadi bila hotuba ni mzigo tu, kwa hiyo nikasimama katikati ya sebule nikatoa hotuba, kisha nikamkabidhi baba kwa mikono miwili nikasema, "Kwa mwenye nyumba hii." Baba akaipokea mifuko ile kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa abiria asiyemjua. Akamtazama mkewe. Mkewe akaichukua akampa mama yake. Bibi akainuka, akaipandisha juu ya kabati, akakaa. Kisha mama akaniuliza kama barabara ilikuwa nzuri.

Kesho yake tukanywa chai ya kipakiti cha dukani. Kesho kutwa pia. Pakiti zangu sita zilikuwa juu ya kabati zikitutazama. Nilijisemea moyoni kwamba hawa watu wameidharau chai yetu, nikaumia, kisha nikakasirika kwa sababu nimeumia.

Mengine yalikwenda. Siku ya kwanza mezani nilisema, "Nipe chumvi," bibi akaacha kutafuna akanikodolea macho kana kwamba nimempokonya. "Huku tunaomba, mwanangu," mama akaninong'oneza. Basi nikawa naomba. Naomba chumvi, naomba kupita, naomba kuuliza, naomba niende kuoga. Niliomba mpaka nikajichukia. Vyombo nilikatazwa kuosha, ufagio nilinyang'anywa. Siku ya tatu nikawakumbusha mimi mwenyewe kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bibi akacheka kwa mara ya kwanza, akanipeleka porini kuchimba ming'oko, vile viazi mwitu vyembamba wanavyochemsha huku. Kazi ni kuvitoa ardhini vikiwa vizima. Mimi nilivitoa vyote vipande vipande. "Amejitahidi," bibi akamwambia mama tuliporudi, na nikajua sitarudishwa tena.

Jumatano jioni, baba alipotoka kazini, nilimwekea fomu na kalamu juu ya meza.

"Baba, naomba saini yako hapa."

Akafuta mikono kwenye suruali. Akasoma. Akasoma tena.

"Hapa pameandikwa mkuu wa kaya."

"Ndiyo, baba."

"Mwalimu, mimi hapa nimeoa."

"Najua, baba. Hongera."

Mama alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Wewe mtoto! Huyu alikuja hapa na begi lake kama ulivyokuja wewe. Tofauti yenu ni kwamba yeye ana miaka ishirini na mitatu hapa." Baba akatikisa kichwa kukubali. Hakuonekana kuona haya hata kidogo. Mama akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu aliyelelewa mbali: huku ukoo hufuata upande wa mama. Mume huingia kwa mkewe, akaheshimiwa, akalishwa vizuri, lakini neno la mwisho juu ya nyumba na watoto ni la mjomba, kaka wa mwanamke.

Nikamgeukia bibi. Nyumba yako, bibi? Yangu. Mikorosho? Yangu. Basi naomba saini.

"Nikisaini mimi," bibi akasema, "mwanangu atauliza kama nimeshamzika."

Huyo mwanawe wa kwanza, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa mjomba wa nyumba, na alikuwa Mahurunga, kando ya mto, akilinda mpunga. "Na ile chai uliyomkabidhi huyu," mama akaongeza, "tungeinywaje? Haijapokewa."

Kumbe! Siku tatu nimewanunia watu kwa kosa langu mwenyewe. Hapo mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikasema, "Lakini ni saini tu. Baba akisaini nani atajua?"

Kicheko cha mama kikakatika. "Sisi tutajua," akasema.

Baba akatumia akiba yake ya maneno ya siku ile. "Mwaka juzi nilikata tawi la mkorosho lililokuwa linagonga bati. Sikumwambia shemeji. Kikao kilikaa siku mbili." Akanirudishia kalamu yangu, akaenda kuoga.

Nilimpigia mratibu nikalalamika. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema familia yenyewe ndiyo inayojua mkuu wao ni nani, na kwamba habari ya wajomba ilikuwa kwenye maelekezo tuliyotumiwa, ukurasa wa nne. Niliyasoma maelekezo hayo mpaka ukurasa wa pili. Nikamshukuru.

Mjomba hakuweza kuja. Viboko walikuwa wakitoka mtoni usiku kula mpunga wake, na mtu hawezi kuwaachia viboko shamba eti kuna fomu mjini. Baba hakuwa na nafasi ya kunipeleka mpaka Jumamosi. Alhamisi na Ijumaa nilizunguka ile nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ijumaa niliingia bafuni nikafungulia maji kwenye ndoo ili nisisikike nikilia. Nilipotoka, bibi alikuwa ameketi nje ya mlango akichambua kisamvu. "Maji yamekwisha?" akaniuliza. Nikasema yamekwisha. "Haya, kaa hapa unisaidie," akasema, na akanipa kazi niliyokuwa nimeiomba tangu Jumatatu.

Jumamosi asubuhi tukaondoka kwa pikipiki ya baba, pakiti sita za chai zikiwa zimefungwa nyuma kwa mpira. Tulipokaribia Mahurunga simu yangu ikatetemeka: mtandao wa ng'ambo umeninasa na unanikaribisha Msumbiji kwa Kireno. Ningekuwa mtu wa kuamini ishara ningegeuka pale pale.

Mjomba tulimkuta akipiga mpunga juu ya turubai, mtu wa miaka sitini hivi, kavaa jezi ya mpira na baraghashia. Baba alisimamisha pikipiki mbali kidogo, akavua kofia, akasubiri. Mtu yule niliyempa hotuba ya mwenye nyumba hakukaa mpaka alipoambiwa akae. Zikaanza salamu. Mpunga, viboko, magoti ya bibi, bei ya dawa ya mikorosho, viboko tena, magoti tena. Nilikuwa nimekalia fomu ili isipeperuke, nikihesabu saa zilizobaki mpaka Jumatatu.

Chai ikatolewa. Safari hii sikutoa hotuba, nilisema tu, "Mjomba, shikamoo, hii ni ya nyumbani kwetu." Akafungua pakiti moja, akanusa, akaiweka pembeni yake. "Marahaba. Imepokewa. Hizo tano mrudishieni mama yangu anywe," akasema. Ikawa imekwisha. Jambo lililokaa juu ya kabati siku tano lilichukua sekunde kumi.

Kisha fomu. Aliisoma yote, hata maandishi madogo ya chini yanayosema imechapwa wapi.

"Kwa hiyo mimi niseme huyu yuko mkononi mwangu."

"Ndiyo, mjomba."

"Akiugua ni mimi."

"Ndiyo."

"Akifa ni mimi."

"Sijapanga, mjomba."

"Hakuna anayepanga." Akaikunja fomu magotini. "Sasa, mtoto wa mtu hapokewi kimya kimya. Mjomba wako nani?"

Maisha yangu yote nimeulizwa baba. Shuleni, kliniki, kwenye kitambulisho, kwenye mkopo wa chuo: jina la baba. Nina jibu nililolitayarisha tangu darasa la pili, "Baba hayupo," na ninalisema kwa sauti inayofunga mazungumzo. Mama alinizaa bila kuolewa na alinilea peke yake kwa cherehani. Na ni mimi huyo huyo niliyeingia nyumba ya watu na pakiti za chai nikimtafuta baba wa kumkabidhi! Niliona aibu pale, aibu ya kweli. Huyu mzee hakutaka kujua habari za baba yangu. Hakumhitaji. Kwa dakika moja hivi nilipumua kama sijawahi kupumua mbele ya fomu.

Dakika ikaisha, kwa sababu swali lilikuwa bado pale.

"Ninaye," nikasema. "Mmoja. Hatuongei."

"Wewe na yeye?"

"Yeye na mama yangu. Miaka saba."

Nikamweleza. Nyanya yangu mzaa mama alipofariki, mjomba wangu ndiye aliyechapisha karatasi ya ratiba ya mazishi. Iliorodhesha watoto wote wa marehemu kwa mpangilio wa kuzaliwa, na mama yangu hakuwemo. Mjomba alisema ukoo hauwezi kusimama mbele ya watu ukieleza mtoto ametoka wapi. Mtoto ni mimi. Nilikuwa nimesimama pale nikigawa karatasi hizo hizo kwa wageni. Mama alisoma moja, akaikunja, akasubiri mama yake afukiwe, akanishika mkono tukaondoka kabla ya chakula. Tangu siku hiyo hakumtaja kaka yake, hata kwa ubaya.

Baba alikuwa akitazama matairi ya pikipiki yake kwa makini sana.

"Wewe ulimkosea nini?" mzee akauliza.

"Hakuna."

"Basi mpigie."

"Mjomba, hatapokea."

"Asipopokea nitajua mjomba wako ni mtu wa namna gani. Mpigie."

Namba nilikuwa nayo, kutoka kwenye kundi la simu la ukoo ambalo mama alijitoa na mimi nikabaki kimya humo kama jasusi. Mtandao wa upande wetu ulishika karibu na banda la kuku tu. Nikasimama hapo, mjomba wa Mahurunga kando yangu, nikabonyeza. Niliomba asipokee. Nikaomba pia apokee. Ikaita mara mbili.

"Nani amekufa?" mjomba wangu akasema.

"Hakuna, mjomba. Shikamoo."

"Umesema nini?"

Kitale hatuamkiani hivyo. Ilinitoka kwa mazoea ya wiki moja. Nikaanza kueleza Tanzania, fomu, kaya, nikawa najichanganya, na mzee akanyoosha mkono akaichukua simu, akaiweka sauti ya juu. Hakwenda moja kwa moja kwenye shida. Alimsalimia mwenzake. Akamuuliza mahindi yamefika wapi huko. Mjomba wangu, ambaye hajawahi kuulizwa na mtu wa nchi nyingine habari za mahindi yake, akajibu kwamba mvua ilichelewa. Wakaongea mbolea. Wakaongea viboko, na mjomba wangu akasema kwao ni nyani. Salio langu lilikuwa likiyeyuka na sikuthubutu kupumua.

"Sasa, ndugu yangu," mzee akasema, "hapa ninaye mtoto wa dada yako. Wananitaka nisaini kwamba yuko mkononi mwangu. Lakini mwenyewe ni wewe. Siwezi kumchukua bila wewe kuniambia. Unasemaje?"

Nilidhani mtandao umevuka mto tena.

"Ni mtoto wa dada yangu," mjomba wangu akasema. Alilisema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani. "Mpokee."

"Nimempokea. Na dada yako umemwambia?"

"Hatujaongea kitambo."

"Kwa nini?"

Mjomba wangu ni mwenyekiti wa kamati zote. Harusi, mazishi, barabara, maji. Ni mtu anayeuliza, haulizwi. Nikamsikia akikohoa. "Mambo ya zamani tu," akasema.

"Mimi huku nina viboko," mzee akamwambia. "Wewe una dada tu. Mpigie." Akanirudishia simu, akaenda zake kwenye turubai kutafuta mahali pagumu pa kuwekea karatasi. Alisaini juu ya debe lililofunikwa, herufi moja moja, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo.

Nikaweka simu sikioni. Nilikuwa na maneno ya miaka saba na yote yalikuwa machafu. Ningemwambia juu ya zile karatasi. Ningemwambia niligawa arobaini kabla sijasoma moja.

"Sina namba yake," mjomba wangu akasema. "Alibadilisha."

"Ndiyo, alibadilisha."

"Ngoja nitafute kalamu."

Nilimsikia akitembea, akifungua droo, akimgombeza mtu kwamba kalamu haziwekwi mahali pake nyumba hii. Alichukua muda mrefu. Ningeweza kukata. Aliporudi akasema, "Haya, polepole," nikamtajia, naye akarudia kila tarakimu. Ya mwisho aliikosea. Nikanyamaza kidogo. Halafu nikamsahihisha.

Njiani kurudi baba hakusema kitu mpaka Naliendele. Hapo akazima pikipiki akasema, "Shemeji ni mtu mzuri. Kwa lile tawi pia alikuwa na haki." Bibi akachemsha chai yangu jioni ile, akaionja, akasema imezidi ukali, akaongezewa kikombe.

Jumatatu fomu ilikuwa mezani kabla ya kengele. Mwalimu mkuu aliitia kwenye faili bila kuitazama, akanionyesha darasa la tano, watoto sabini na chaki mbili. Saa nne, wakati wa chai, simu ikaita. Alikuwa mama yangu.

"Nani alikupa ruhusa ya kugawa namba yangu?"

"Amepiga?"

"Amepiga."

Watoto walikuwa wakipiga kelele uwanjani, nikaziba sikio moja.

"Amesema nini, mama?"

"Hajasema kitu. Amesema tu jina langu, basi, akawa analia. Mimi nina ugali motoni. Nikamwambia asubiri niepue. Nimeepua, nikafunika, nikaosha na mikono. Nimerudi, nikamkuta bado yupo."